Bi Avril na Wauaji wa Jumapili

Pale Slaithwaite, mji mdogo wa kaskazini mwa Uingereza, hakuna muuaji wa kwenye runinga aliyewahi kumponyoka Bi Avril Garside. Wapelelezi walihitaji Jumapili sita, maiti watatu na talaka moja ndipo wamtie mtu pingu. Bi Avril alihitaji muda wa birika kuchemka tu. "Ni yule daktari wa mifugo," alikuwa akisema, huku akipapasa chini ya kochi kutafuta ndara yake. Na Jumapili ya sita ikifika, kweli, daktari wa mifugo yuko ukingoni mwa jabali, upepo unampeperusha nywele, anakiri kila kitu kwa inspekta ambaye hakuwa na habari hata ya nusu yake.

Dawn, binti wa kaka yake, mwenye saluni karibu na daraja la mfereji, alimuuliza siku moja anajuaje.

"Mwanangu, tazama sura," alisema Bi Avril. "Yule mwigizaji ni mtu mkubwa, kavishwa nishani na Malkia mwenyewe. Unadhani wamemtoa London kwa treni aje kufungua mlango na kusema 'sijamwona, inspekta'? Mtu maarufu akiwa na maneno mawili tu kipindi cha kwanza, mtie pingu ukalale."

"Na kama hakuna mtu maarufu, shangazi?"

"Basi ni yule anayempapasapapasa mbwa wa inspekta. Mwema kupita kiasi ana lake jambo."

Ndiyo maana Jumatatu asubuhi saluni ilijaa hata wasio na nywele za kutosha. Bi Avril alikaa pembeni akikunja taulo, na wanawake wakamchokoza makusudi ili aanze. Akianza, hashikiki. Kwa nini polisi wa kwenye runinga hawawashi taa? Wanaingia nyumba ya maiti na kurunzi, swichi iko palepale ukutani! Kwa nini kila inspekta ana binti asiyezungumza naye? Mbona hakuna hata mmoja anayemaliza kikombe cha chai? Na kikombe chenyewe kitupu, unakiona kinavyorushwarushwa hewani. Yeye mwenye chai ya moto hapungi mkono hivyo, ataungua mapaja. Na koti. Inspekta mwanamke mshahara wake haujulikani, lakini koti lile la sufu, alisema Bi Avril, yeye anaijua bei yake, na halinunuliwi na mtu anayeishi peke yake na samaki wa kwenye bakuli.

Habari za koti aliweza kuzisema kwa haki, maana sufu ndiyo iliyomlea. Aliingia kiwandani akiwa na miaka kumi na mitano, akafuma kitambaa mpaka kiwanda kilipofungwa. Mle ndani mashine ziligonga kwa kishindo ambacho mtu hasikii hata kikohozi chake, kwa hiyo wanawake walizungumza kwa midomo mitupu, wakiliumba kila neno kwa upana, toka upande mmoja wa ukumbi hadi wa pili. Walisengenya hivyo, walichumbiwa hivyo, na kuna aliyefiwa akapewa habari hivyo. Kiwanda kilipomalizana naye, kilikuwa kimechukua nusu ya masikio yake, kikamwachia macho ya kusoma midomo kama gazeti.

Waigizaji hawakulijua hilo, masikini. Kuna tamthilia moja ya jumba la lodi, mwinyi wa Kiingereza, ambamo lodi mwenyewe alikuwa akikata roho kitandani, familia nzima imemzunguka inalia, na mtaa mzima wa Bi Avril unalia pamoja nao. Yeye akaangua kicheko. Nyuma kabisa, karibu na pazia, mjakazi mmoja alikuwa akimwambia mwenzake bila sauti kwamba viatu alivyopewa vinambana na saa ya chakula imeshapita.

"Mwenye msiba ni yule," alisema Bi Avril. "Wale wa mbele wanaigiza tu."

Jumapili zake hakuzitazama peke yake. Miaka minne nyuma, nyumba ya jirani ilipata mwenyeji mpya: Vernon Sykes, mjane, konstebo mstaafu kutoka Huddersfield, mrefu, mpole, mwenye masharubu aliyoyachana kuliko nywele. Jumapili yake ya kwanza aligonga mlango kuuliza kama runinga ya Bi Avril inashika, maana yake inaonyesha chenga tupu.

"Yangu inashika," alijibu Bi Avril. "Ingia basi, umesimama hapo unaniingizia baridi. Usiongee mpaka nimpate muuaji."

Aliingia, na tangu siku hiyo hakukosa. Alikuja saa mbili kasoro dakika tano, na pai ya nyama ya nguruwe kwenye mfuko wa karatasi, akavua viatu, akakaa upande wa kushoto wa kochi, upande ambao marehemu mumewe, Stanley Garside, hakuwahi kuupenda kwa sababu ya springi. Runinga ya Vernon ilitengenezwa wiki ileile. Hakuna aliyelitaja jambo hilo.

Kazi yake jioni zile ilikuwa kuulizwa maswali ya kipolisi.

"Vernon, hivi kweli mnaruhusiwa kuingia nyumba ya mtu hivihivi?"

"Hapana."

"Na kumpeleka mshukiwa baharini mkaongee?"

"Sisi tulimpeleka chumba chenye meza."

"Ndiyo maana hakuna aliyewatengenezea tamthilia."

Naye Vernon alicheka kwa pua. Ila alikuwa na ugonjwa mmoja, na Bi Avril hakumwachia: alisinzia. Maiti akipatikana tu, Vernon macho kafumba, kidevu kifuani. Bi Avril alimtupia mto wa kochi. Saluni nzima ilijua. "Miaka ishirini na minane ya upolisi," aliwaambia, "na akiona maiti analala fofofo. Ndiyo maana wezi wa Huddersfield wote wamestaafu matajiri." Vernon akipita nje ya dirisha la saluni, wanawake walilaza vichwa mabegani na kukoroma, naye alivua kofia na kuwainamia.

Basi mwaka jana mwezi wa Machi yakafika magari meupe kumi na moja, yakajipanga kando ya mfereji. Tamthilia mpya inapigwa picha hapahapa! Mtu ameuawa, ametupwa majini, na inspekta mwenye koti anakuja kuchunguza. Msichana mmoja, jina lake Imogen, alipita mlango kwa mlango na ubao wa karatasi akitafuta watu wa kujazia nyuma: wapita njia, wenye mbwa, wazee wa benchini.

Alipogonga kwa Bi Avril, alijibiwa palepale kizingitini. "Mimi ni mwamuzi, binti yangu. Mwamuzi haingii uwanjani kucheza."

Vernon aliitikia. Watu walishangaa, maana si mtu wa kujitokeza. Alisema tu kwamba wanatoa chakula cha mchana cha moto. Wakamkalisha benchini na Clement Whiteley, aliyekuwa na duka la nyama, wakaambiwa: ninyi ni marafiki wawili wa siku nyingi, mnaongea. Chezesheni midomo, ila sauti isitoke hata kidogo, itaharibu maneno ya inspekta. Semeni chochote kile. Mtaonekana kama ukungu tu.

Clement, kwa maelezo yake mwenyewe, alitaja matokeo ya mechi za raga za mwaka mzima. Vernon alisema nini, hakuna aliyeuliza.

Tamthilia ilirushwa mwezi wa Novemba. Siku hiyo hakuna aliyetazama nyumbani. Klabu ya mtaa ilifunga runinga kubwa ukutani, ikapanga viti kama vya kanisani, na Bi Avril akawekwa mstari wa mbele kabisa, katikati, kama hakimu. Vernon alikaa mstari wa nyuma karibu na mlango, amefunga tai.

Dakika nne tu zilikuwa zimepita Bi Avril alipotangaza, "Mwenye boti."

"Shangazi! Tuache tufaidi!" Dawn alilalamika.

"Mnafaidi nini? Katoa keki bila kuombwa."

Kisha ikaja picha ya mfereji wao. Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Lile daraja la Dawn! Yule mbwa wa kina Whiteley! Inspekta alisimama mbele akizungumza na sajini wake, na nyuma, kwa mbali, wazee wawili benchini, kama ukungu. Lakini inspekta akageuka, akaondoka zake, na yule mwenye kamera, sijui kwa kusahau au kwa ufundi, akabaki palepale. Ukungu ukatakata. Uso wa Vernon Sykes ukajaa ukutani, masharubu na yote, midomo inakwenda taratibu.

"Mwoneni! Mwoneni nyota!" watu walipiga kelele. Clement alisimama akapunga mkono. Sekunde kumi, labda kumi na mbili, kisha picha ikahamia kituo cha polisi, ambako kama kawaida hakuna aliyewasha taa.

Katika ukumbi ule wa watu themanini, mmoja tu ndiye aliyesikia.

Midomo ya Vernon ilisema hivi: "Tamthilia hizi sizipendi hata moja. Miaka minne. Sipendi hata moja. Nakwenda kwa ajili ya yule mama. Angejua angenifukuza, na Jumapili ingekuwa ndefu sana."

Bi Avril alikaa wima. Dawn alipomwinamia kumuuliza, "Vipi, kaigiza vizuri?" macho ya shangazi yalikuwa bado ukutani. Kipindi kilikwisha, taa zikawashwa, watu wote wakamgeukia mwamuzi wao wakingoja airarue tamthilia vipandevipande. Yeye alikuwa anavaa koti lake, na kifungo cha kwanza kakitia tundu la tatu.

"Nimechoka," alisema, akatoka.

Usiku ule hasira na kitu kingine ambacho hakukipa jina vilipokezana naye zamu. Hata moja! Ile ya padri na mlinzi wa mnara wa taa hakuipenda? Ile ya dada watatu na kiwanda cha biskuti, ambayo yeye Avril alilia mpaka miwani ikaingia ukungu, na Vernon akampa leso? Leso ya nini, kama hakuipenda? Mtu anakaa juu ya springi mbovu miaka minne anakula pai yake mwenyewe akitazama asichokipenda. Huyo ni mwongo wa daraja la kwanza. Au ni kitu gani?

Asubuhi ilikuwa Jumatatu, siku ya kutoa mapipa ya taka. Vernon alikuwa analikokota la kwake, akalikuta la Bi Avril limeshatangulia barabarani, na mwenyewe kasimama kando yake, mikono kaikunja.

"Habari za asubuhi, Avril."

"Kwa hiyo ile ya padri hukuipenda."

Vernon aliacha pipa. "Nani kakwambia?"

"Wewe. Umeniambia mbele ya watu milioni nne."

Alifikiri kidogo. Halafu ikamjia, akawa mwekundu kuanzia shingoni kwenda juu, kama zebaki kwenye kipimajoto. "Walisema tutakuwa ukungu," alisema.

"Hukuwa ukungu. Ulikuwa mkubwa kama basi."

"Uliona yote?"

"Toka mwanzo mpaka 'ndefu sana'. Sasa nieleze. Sijaja kugombana. Nimekuja kugombana, lakini nieleze kwanza."

Vernon alitazama mfereji kule chini, kisha akautazama mpini wa pipa. Alisema kwamba akiwa konstebo kijana, mwenye umri wa miaka ishirini na minane, aliitwa mferejini asubuhi kama hii, akaingia majini mpaka kifuani, akamtoa msichana wa miaka kumi na tisa. Hakuna aliyemuua. Hakukuwa na inspekta wala koti. Alikaa naye ukingoni dakika arobaini wakingoja gari, akamfunika kwa kabuti lake la polisi, kisha akatumwa kwenda kumwambia mama yake. Mama yake alikuwa anapika uji.

"Kwa hiyo silali, Avril," alisema. "Nafumba macho tu. Wakishamfunika shuka, nafumbua."

Ile mito ya kochi yote aliyoitupa ilimrudia Bi Avril mmoja mmoja.

"Miaka minne nakutangaza saluni," alisema.

"Nilipenda wakinikoromea. Hakuna aliyewahi kunitania pale Huddersfield."

"Ungesema."

"Ungezima runinga kwa kunihurumia. Halafu ningekuja kufanya nini?"

Hapo gari la taka lilikunja kona, wenye kazi wakashuka kuyachukua mapipa, na mazungumzo yakafa kwa kelele. Vernon aliinua kofia, akaingia ndani, akafunga mlango.

Saluni ilimngoja Bi Avril kwa hamu kama harusi. Alikaa, akachukua taulo la kwanza. Dawn akamuuliza, mkasi hewani: "Haya shangazi, tuambie. Tamthilia yetu. Imekuwaje?"

"Haikuwa mbaya," alisema Bi Avril.

Mkasi ukasimama. Mwanamke aliyekuwa chini ya kikaushio alikiinua atazame vizuri. Haikuwa mbaya! Hawakuwahi kusikia maneno hayo yakitoka kinywa kile. Kufika saa sita, nusu ya Slaithwaite ilikuwa inaulizana kama mama Garside ameugua, na mtu mmoja alimpelekea supu. Na Vernon alipopita dirishani wakaanza kukoroma, Bi Avril akasema, bila kuinua macho, "Acheni. Huo mzaha umekwisha." Wakaacha. Ndipo Dawn alipoelewa kwamba ugonjwa, kama upo, si wa kutibiwa kwa supu.

Jumapili iliyofuata, saa mbili kasoro tano, mlango haukugongwa. Saa mbili kamili, kimya. Runinga ilianza kipindi cha pili; mwenye boti alikuwa anatoa keki nyingine. Bi Avril alisema kwa sauti, "Mtazame anavyoikata, kama mwizi," akageukia upande wa kushoto wa kochi, na springi ikamtazama. Aliendelea kutazama dakika saba. Muuaji anamjua, mwisho anaujua, na wa kumwambia hayupo. Alizima.

Alikwenda kugonga kwa Vernon, na keki ya tangawizi ndani ya kopo, bila koti, na ndara miguuni.

Vernon alifungua. Nyuma yake runinga ilionyesha mlima, mvua, na mbwa mmoja akiwasukuma kondoo watano kuingia zizini. Hakukuwa na muziki. Mtu fulani alikuwa anapuliza filimbi.

"Hiki ndicho unachokipenda?" aliuliza Bi Avril.

"Hiki ndicho ninachokipenda."

"Sogea basi, unaniingizia baridi." Alikuwa amesahau kwamba nyumba si yake.

Alikaa. Alitazama kwa adabu zote alizokuwa nazo, ambazo zilitosha dakika kumi na moja. Mbwa alikwenda kushoto. Kondoo wakaenda kushoto. Mbwa akalala chini, kondoo wakafikiri. Vernon alikuwa ameinama mbele, viganja magotini, macho wazi kabisa, na Bi Avril akagundua kwamba hakuwa amewahi kumwona akitazama kitu kwa sura ile, labda kwa sababu siku zote yeye mwenyewe alikuwa anatazama muuaji.

"Yule wa mwisho ana jambo," alisema kwa sauti ya chini. "Yule mwenye sikio jeusi. Mwema kupita kiasi."

Vernon alijizuia, akajizuia, kisha akacheka mpaka chai ikamwagika. Na kondoo yule, nakuapia, akatoroka zizini.

Mambo yalikwenda taratibu baada ya hapo, kama yanavyokwenda kwa watu wa umri wao ambao magoti ndiyo yanayopanga ratiba. Maiti zilihamia kwa Dawn, siku za Jumanne. Shangazi na binti walizitazama pamoja, wakizomea taa zisizowashwa. Jumapili zikabaki za wawili. Siku nyingine kondoo, siku nyingine tamthilia ambayo Bi Avril ameshaikagua kwanza kwa Dawn, na kama haina maiti, anamletea. Ilikuwa kazi ngumu kuliko alivyodhani. Alimlalamikia Imogen, yule msichana wa tamthilia, kwa barua kwamba Uingereza nzima haiwezi kusimulia hadithi bila kumuua mtu kabla ya chai, na Imogen akamjibu kwa heshima kwamba atalifikisha kwa wakubwa.

Mwezi wa Aprili walikwenda Filey, mji wa pwani, kwa basi, siku tatu, vyumba viwili. Walirudi na homa moja kwa wote wawili na kopo la kaa. Dawn aliuliza saluni nzima ikisikiliza, "Haya, bahari ilikuwaje?"

"Ndefu," alisema Bi Avril. "Hakuna aliyesimama jabalini akakiri chochote."

"Hata mtu mmoja?"

Bi Avril alikunja taulo, akalilaza juu ya mengine, akalinyoosha kwa kiganja. Masikio yalikuwa yamemwiva kwa wekundu.

"Mmoja," alisema. "Lakini hakuwa muuaji, na mimi nilimjibu ndiyo. Niwekee nywele vizuri Jumamosi ya tarehe kumi, na usinipake ile dawa yako ya kunuka."